Mwaka Nanasi la Mlimani Lilipochanua

Nilisikia kitambaa kikichanika. Ukungu wa Kalinzi asubuhi ile ulikuwa mzito kiasi kwamba, nikiwa nimesimama kwenye mlango wa jiko, sikuiona hata ndoo niliyoiacha hatua tano mbele yangu. Kitambaa kikachanika tena, safari hii kwa urefu, kama mafundi cherehani wa Mwanga, mjini Kigoma, wanavyopasua doti ya kanga, kisha mtu akavuta pumzi kwa meno.

"Mana yanje we," ikasema sauti ya mwanamke. "Mana yanje."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Sikujua Kirundi, lakini nilijua kwamba hapo anaitwa Mungu, na nilijua sauti inatoka wapi. Ilitoka kwenye bustani ya baba, mahali ambapo hata sisi watoto wake hatukuthubutu kukanyaga bila ruhusa. Nikapiga kelele nikimwita mama.

Baba alikuwa bwana shamba. Kwao ni Tukuyu, lakini serikali ilimpangia Kigoma kabla mimi sijazaliwa, na huko Kigoma mtaalamu mmoja wa kahawa, mzungu aliyewahi kufanya kazi kwenye milima ya Amerika ya Kusini, alimwachia bahasha ya mbegu. Mbegu zenyewe zilikuwa nyepesi kama pumba. Jina la mmea huo vitabuni ni puya. Ni wa ukoo mmoja na nanasi, ila huota juu kabisa milimani, kwenye mawe na baridi, na hauzai tunda la kuliwa. Baba alizisia kwenye makopo ya maziwa, juu ya mchanga, bila kuzifunika, kwa kuwa zinataka mwanga ili ziote. Zikaota kama majani ya kawaida. Mji ule ulizishinda. Joto linalopanda kutoka ziwani liliozesha mioyo yake moja baada ya nyingine, na baba alipohamishiwa Kalinzi, kijiji cha juu milimani, alipanda gari la mizigo akiwa na godoro, masanduku mawili na makopo tisa aliyoyapakata mwenyewe.

Kalinzi zilipata afya. Kwenye mteremko nyuma ya nyumba yetu ya serikali, baba alichimbua udongo, akachanganya kokoto, akazipanda kwa mistari. Baada ya miaka saba yalikuwa mafungu makubwa ya majani ya rangi ya majivu, marefu kuliko mkono wangu, na kila jani lilikuwa na miiba pande zote mbili. Miiba hiyo imepinda kuelekea ndani kama ndoana. Mkono unaingia bila taabu; taabu iko kwenye kutoka.

Jirani yetu, bibi mmoja wa Kiha aliyekuwa na shamba la kahawa mpakani mwetu, hakuchoka kumtania.

"Bwana shamba, limezaa?"

"Bado, mama."

"Na likizaa, tutakula?"

"Haliliwi, mama. Ni la utafiti."

"Aa! Kumbe serikali imekutoa kwenu mbali kote huko uje kutufundisha kulima miiba. Sisi ya kwetu ilikuwa haitutoshi?"

Baba alicheka naye, lakini usoni nilimwona anaumia. Kila mwaka aliandika taarifa ya mimea ile na kuipeleka wilayani, na kila mwaka hakujibiwa.

Katikati ya miiba hiyo ndipo tulipomkuta yule mwanamke. Ukungu ulipofunguka kidogo nilimwona amesimama kama aliyetundikwa. Kitenge chake kilikuwa kimeshikwa kulia na kushoto, mikono yote miwili ilikuwa ndani ya majani, na damu ilishuka kwa mistari myembamba hadi viwikoni. Hakuwa analia. Alinitazama kwa hofu kubwa kuliko mimi nilivyomtazama yeye, na hicho ndicho kilichonishtua zaidi: kwamba mtu mzima aweza kumwogopa mtoto.

"Usivute!" mama alisema. Mama alikuwa muuguzi wa zahanati, na sauti yake ya kazini haikubishiwa. "Sukuma mkono ndani zaidi. Ndani. Sasa uinue juu, polepole."

Alisukuma. Kila mtu aliyenaswa pale tulimwambia hivyo na hakuna aliyekubali mara ya kwanza, ila yeye alikubali.

Jikoni, mama akimtoa miiba kwa kibano, alitueleza kwa Kiswahili cha taratibu kwamba alikuwa ametembea siku nne kutoka Burundi, kwamba alipotea njia kwenye ukungu, na kwamba kwa mbali alidhani yale ni mananasi. Amekulia kwenye mananasi, alisema, upande wa Rumonge, kwenye ufuko wa ziwa hilihili letu. Alikuwa na njaa, akaingiza mikono kutafuta tunda.

Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi. Malori yalipita na watu, redio ilizungumza habari zao kila jioni, na tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye ofisi ya kijiji: mkimbizi yeyote anayeishi nje ya kambi apelekwe kambini, na anayemhifadhi atoe taarifa. Mama alimweleza. Yule mwanamke akaweka kikombe chini.

Kambini asingekwenda, alisema. Walipovamiwa, alikimbia na binti yake wa miaka kumi na mitatu, wakatengana gizani kwenye mto. Lakini mapema, kabla ya kutoka nyumbani, walikuwa wameahidiana: atakayetangulia kufika amsubiri mwenzake kwenye soko la Kalinzi. Marehemu mumewe alikuwa akija hapo na mawese. Ndilo jina pekee la Tanzania ambalo mtoto alilijua.

"Nikipandishwa lori, atafika sokoni atamkuta nani?" aliuliza.

Mama alimtazama baba. Baba alitazama dirishani, upande wa bustani.

"Abaki," alisema. "Ila watoto, sikilizeni. Huyu ni shangazi yenu. Amekuja kutoka Tukuyu."

Hivyo ndivyo tulivyopata shangazi. Uongo wenyewe haukumdanganya mtu hata mmoja Kalinzi, maana Kirundi na Kiha vinasikilizana, na bibi jirani alitoka kusalimiana naye siku ya kwanza, wakapigiana makofi ya salamu kama watu waliozaliwa uani pamoja.

"Bwana shamba," bibi akasema, machozi ya kicheko yakimtoka, "dada yako Mnyakyusa huyu amejua Kiha kwa siku mbili! Wewe una miaka saba, bado unatuombea chumvi kwa ishara."

Hakuna aliyemtolea taarifa. Siku za soko shangazi aliondoka alfajiri, akakaa karibu na wauza dagaa, akatazama kila msichana aliyeshuka mlimani. Jioni alirudi, akavua viatu, akashika jembe. Baba alimpa mabuti yake ya kazini. Alimwita dada mbele za watu, na baadaye nilimsikia akimwita dada hata wakiwa wawili tu bustanini, hakuna wa kudanganywa. Nataka hilo lijulikane. Baba yangu alikuwa mtu mwema, na ndiyo maana bado sijapona mshtuko wa kilichokuja baadaye.

Bustani ilibadilika mikononi mwake. Alijifunga magunia mikononi, akatoa majani makavu yaliyooza chini, akaongeza kokoto pale maji yalipotuama. Alizungumza na mimea ile kama mtu anayezungumza na watoto wa ndugu yake aliyeolewa mbali. Asubuhi moja nilikuwa nikirudi kutoka kuchota maji, nikaona moshi mweupe mnene juu ya mteremko, nikakimbia nikijua nyumba inaungua. Shangazi alikuwa amechuchumaa kando ya fungu kubwa kuliko yote. Alikuwa amelizungushia turubai kuukuu, na chini yake majani mabichi yalifuka bila kuwaka. Baba alifika nyuma yangu akihema.

"Dada! Unachoma mimea yangu! Miaka saba!"

"Siichomi, baba." Yeye alimwita baba, kama baba wa nyumba. "Naipa moshi. Kwetu nanasi likichelewa tunalifukiza. Linakumbuka kazi yake."

"Hili si nanasi."

"Si ni ndugu yake? Ulisema mwenyewe."

Baba alijikuna kisogo. Mimi nilicheka, akanikata jicho. Shangazi alisema, kwa sauti ya chini, kwamba hana kitu kingine cha kutupa. Basi baba akamwacha. Alifukiza asubuhi tatu mfululizo, wakati upepo haujaamka.

Wiki zilipita. Halafu asubuhi moja kaka yangu mdogo alikuja kitandani akaniambia kuna nyoka amesimama bustanini. Lilikuwa shina. Lilitoka katikati ya fungu, nene kama mkono wa mtu mzima, na kila siku lilipanda, mpaka likampita baba kimo. Likachanua. Sijui nielezeje rangi ile. Simama kwenye ukingo wa Kalinzi saa nne asubuhi, siku ya jua, utazame ziwa kule chini mahali maji yalipo na kina. Chukua rangi hiyo, kati ya kijani na buluu, uifanye maua mia kwenye mti mmoja. Na ndani ya kila ua, unga wa rangi ya mawese. Ncha za matawi hazikuwa na maua, zilichomoza kama vijiti, na ndege wadogo, chozi, walitua juu ya vijiti hivyo wakanywa, wakaondoka na unga kwenye paji la uso. Nilishika mdomo. Mama alishika mdomo. Bibi jirani alikuja na maneno yake tayari, akaliona, akakaa chini kwenye nyasi.

Watu walikuja kutoka vilima vyote. Baba aliosha shati lake la ofisini. Na kabla ya juma kwisha alimwambia mama kwamba atapeleka barua wilayani kumwalika ofisa mkubwa aje alione kabla halijanyauka, kwa kuwa fungu likishachanua hufa, na pengine hataliona jingine maishani mwake.

"Usifanye hivyo," mama alisema. "Ukiita watu waje kuona ua, watamwona na aliyelipalilia."

"Atakaa jikoni. Nusu saa tu, mke wangu. Miaka saba!"

Ofisa alikuja na gari, dereva, na mgambo mmoja. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenyeji wa Tanga, aliyeteremka akiwa ameshaanza kucheka.

"Bwana shamba! Ndilo hili linalowatoa watu mashambani? Lo! Lo! Hebu nilione. Mbona zuri hivi, na miiba kama mkwe wangu!"

Alilizunguka, akauliza maswali mazuri, akaandika kwenye daftari. Alisema litapelekwa kwenye maonyesho ya wakulima, picha yake angalau, pamoja na maelezo ya baba. Sijawahi kumwona baba akiwa kijana kama siku ile. Kisha walikuja sebuleni kunywa chai, na ofisa akafungua daftari tena.

"Sasa nipe siri. Mzungu mmoja aliniambia mimea ya namna hii hukaa miaka mingi zaidi. Wewe umeiwahisha vipi?"

"Ni utafiti, mheshimiwa," baba alisema. "Samadi. Na kumwagilia kwa vipimo."

"Vipimo gani?"

"Vipimo vya... vya kitaalamu."

"Nitajie. Naandika."

Baba alisogeza kiti chake. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Ofisa aliinua uso, kicheko kimeanza kupungua, na niliona wazi kwamba baada ya dakika moja atafunga daftari. Wakati huohuo shangazi aliingia na sinia la chai. Haikuwa zamu yake. Mama alikuwa ameitwa ghafla zahanati kwa mzazi, na hakukuwa na mtu mwingine jikoni. Alisikia. Akamwona baba anavyozama, akamtupia kamba.

"Ni moshi, mheshimiwa," alisema.

"Moshi?"

"Ego. Ndiyo. Baba huyu aliruhusu tulifukize majani mabichi, asubuhi, upepo ukiwa umelala." Akaweka sinia mezani, na mikono yake iliyojaa makovu ya miiba ikaanza kuonyesha angani jinsi turubai linavyofungwa. "Ua likisikia moshi linashtuka. Ukifanya siku moja shamba lote, shamba lote linachanua pamoja. Kwetu mlima mzima unaiva siku moja, malori yanapanga foleni kutoka Bujum..."

Akaacha. Mikono ikabaki juu.

"Malori ya wapi, mama?" ofisa aliuliza, kwa upole kabisa.

Ofisa akaweka kalamu.

"Bwana shamba. Huyu ni nani wako?"

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa korido. Nilimtazama baba nikingoja. Sikuwa na wasiwasi, wallahi, nilijua neno lenyewe, nililisikia kila siku kwa miezi. Ni neno fupi. Hata mdogo wangu angeweza kulisema.

"Kibarua," baba alisema. "Alikuja kuomba kazi. Sikumuuliza alikotoka."

Nilidhani nimesikia vibaya. Niliutazama mdomo wake kuona kama utaongeza kitu. Kwa muda niliona vitu kwa uwazi wa ajabu: nzi kwenye sukari, kifungo kilicholegea cha shati lililofuliwa kwa ajili ya siku ile. Shangazi hakumtazama baba. Alishusha mikono yake polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu.

"Mimi sina ubaya naye," ofisa alisema, na nadhani alisema kweli. "Nimeagizwa tu. Gari lina nafasi. Mama, chukua vitu vyako bila haraka, sisi tunamalizia chai."

Mama alirudi akakuta mgambo amesimama uani. Alielewa kabla sijafungua mdomo. Alimvuta baba koridoni, nami nikiwa pale pale nimekauka ukutani, hawakuniona au hawakujali.

"Sema ni dada yako. Bado hajapanda gari."

"Nimeshasema ni kibarua."

"Useme tena!"

"Na kesho mtalala wapi? Nyumba hii ni ya serikali, mke wangu. Hata kitanda ni cha serikali."

"Keshokutwa ni soko. Muombe siku mbili tu, huyu mtu si mkali. Siku mbili!"

"Siwezi," baba alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mgonjwa. "Nikimwombea, nimekiri kwamba nilijua."

Mama alimtazama kama anavyotazama kidonda kilichochelewa kuletwa. Kisha akaenda kumsaidia shangazi kufunga furushi.

Lilikuwa furushi dogo. Shangazi alilibeba hadi sebuleni, akaliweka chini, akapiga makofi taratibu kwa heshima, kama wanawake wa huku wanavyowasalimu wakubwa. Ofisa alisimama. Baba hakusimama. Alikuwa anakoroga chai, kijiko kikigonga kikombe bila kukoma.

"Baba," shangazi alisema. Alimwita hivyo bado. "Binti yangu ana pengo hapa mbele, na ukimwita haitiki upesi. Akija sokoni, mwambieni mama yake alifika. Mwambieni alisubiri."

Kijiko kiligonga, kiligonga.

"Nitakwenda mimi," mama alisema kutoka nyuma yangu. "Kila soko."

Na alikwenda, kila soko, mpaka tulipohamishiwa Kigoma. Mara nyingine nilimsindikiza. Tulikaa karibu na wauza dagaa tukiwatazama wasichana midomoni, na wao wakitushangaa. Mama hakumweleza baba tulikokuwa, naye hakuuliza. Mwenye pengo hakupita, au alipita siku ambayo si ya soko.

Shangazi alimshukuru mama kwa mikono miwili. Alimgusa mdogo wangu kichwani. Mimi alinitazama tu, na nikagundua kwamba nataka kusema kitu na sikijui, kwamba neno ambalo baba hakulisema limenikaa mimi kooni, na mimi pia silisemi. Akainua furushi lake, akatoka. Mgambo akamfuata, na ofisa nyuma yao, akiaga kwa sauti ya chini kama anayetoka msibani.

Upepo wa jioni uliingia, ukapeperusha karatasi za taarifa ya baba mezani.

"Mama," baba aliniambia, kwa jina la upendo aliloniita tangu utotoni, bila kuinua macho kwenye kikombe. "Funga mlango. Baridi inaingia."

Shangazi alikuwa bado hatua tatu kutoka kizingiti. Angeweza kunisikia nikipumua. Nikausukuma mlango, nikaufunga.